Mraba kwa Mraba katika Miombo ya Kilosa

Nilikwenda Kilosa kuona msitu unaokatwa kwa mpango. Habari zake nilikuwa nimezisikia kwa miaka, kwa watu wanaousifu na kwa watu wanaosema hakuna kitu kama hicho, kwamba mkaa ni mkaa na kila gunia linaloingia Dar es Salaam ni hatua moja kuelekea jangwa. Kazi yangu ni kuandika habari za kilimo, na kilichonivuta ni swali la kikulima: mtu wa kijijini anaweza kuishi na msitu wake kama anavyoishi na shamba lake, akaula na ukabaki?

Basi la alfajiri kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi, halikawii kukuonyesha jambo lenyewe. Ukishapita Chalinze, magunia yanaanza kuonekana chini ya miti, yamejazwa lumbesa, midomo imezibwa kwa majani na kufungwa kamba. Magari madogo yanayorudi mjini yanasimama, dereva anateremka, wanapatana bei, buti linafunguliwa. Pikipiki zinapita na magunia yaliyomficha mwendeshaji hata huoni mgongo wake.

Biashara hii ni kubwa kuliko heshima tunayoipa. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Tanzania inatumia tani milioni moja hivi za mkaa kwa mwaka, karibu nusu yake Dar es Salaam peke yake, na kwamba dola milioni 650 kwa mwaka zinapita mikononi mwa wakataji, wachomaji, wasafirishaji na wauzaji. Ripoti hiyohiyo iliiweka kahawa kwenye dola milioni 60 na chai kwenye milioni 45. Kahawa ina bodi yake, ina kituo chake cha utafiti, ina vyama vya ushirika vyenye historia ya karibu karne moja. Chai nayo ina bodi. Mchomaji wa mkaa hana afisa ugani wa kumtembelea, wala hakuna msimu ambao waziri anasimama bungeni kumtangazia bei. Anayemjua serikalini ni mtu wa kizuizini.

Baada ya Morogoro barabara inaingia Hifadhi ya Mikumi na kwenda ndani yake kilomita 50. Abiria wote wakahamia upande wa madirisha. Tembo walikuwepo, twiga walikuwepo, na mama mmoja aliyekuwa akienda Iringa alisema kwa sauti kwamba wanyama wametengewa ardhi nzuri kuliko watu. Hakuna aliyembishia. Nilishuka Mikumi mjini na kupanda gari jingine la kuelekea kaskazini, njia ya vumbi ya kwenda Kilosa kupitia kata ya Ulaya, vilima upande wa kushoto na miombo pande zote mbili. Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Miombo wakati huo ina tabia ya kuchipua kabla mvua haijanyesha, majani mapya mekundu kama shaba juu ya ardhi iliyokauka kabisa, na mti ule unapata wapi maji ya kufanya hivyo utaelewa tu ukijua mizizi yake. Nitarudi kwenye mizizi.

Kijiji nilichofikia sikitaji kwa jina, kwa sababu waliozungumza nami walizungumza na mambo ya ndani ya kijiji chao. Ofisini nilipokewa na mwenyekiti, mzee wa makamo mwenye maneno machache, na katibu wa Kamati ya Maliasili, ambaye kila mtu alimwita Mama Katibu. Nilitoa shikamoo, nikaitikiwa, nikatia sahihi daftari la wageni. Ukutani kulikuwa na ramani ya matumizi bora ya ardhi: makazi, mashamba, malisho, na eneo kubwa la kijani, msitu wa hifadhi wa kijiji. Ndani ya kijani kile kulikuwa na sehemu ndogo yenye mistari ya vyumba vyumba.

“Hapo ndipo tunapovuna,” alisema Mama Katibu. “Kwingine kote hatugusi.”

Mpango huu ulianza Kilosa mwaka 2012, ulipoletwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, pamoja na mtandao wa MJUMITA na shirika la TaTEDO, kwa fedha za serikali ya Uswisi. Wazo lake lilisimama juu ya sheria ambazo tayari zilikuwepo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji usimamizi wa ardhi yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kutenga msitu, kuutungia mpango na sheria ndogo, kuuvuna na kubaki na mapato. Na misitu ya nchi hii karibu nusu iko kwenye ardhi za vijiji. Vijiji vingi vilikuwa vimetenga misitu hiyo kwa miaka, lakini vilifundishwa kuilinda tu. Doria bila posho, vikao bila mapato. Watu walichoka, kama ambavyo mkulima yeyote angechoka kulinda shamba asiloruhusiwa kulivuna.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda msituni, Mama Katibu, mimi, na mchomaji mmoja mzee niliyemwita Babu kwa sababu wote walimwita hivyo. Njiani Babu aliitaja miti kwa mkono: mtondoro, myombo, mninga. Mninga haukatwi kwa mkaa, ni mti wa mbao. Mti wenye mzinga wa nyuki au kiota kikubwa hauguswi. Kando ya vijito hakuna kukata ndani ya mita 60. Kwenye miteremko mikali vilevile hakuna. Nilitarajia aniambie sheria hizi kwa namna ya mtu anayesoma, lakini aliniambia kwa namna ya mtu anayeonyesha mipaka ya shamba lake, na mara mbili alisimama kukaripia tawi lililokatwa bila sababu ya maana.

Tulipofika eneo la kuvunia nilielewa vile vyumba vya ramani. Ni miraba ya mita 50 kwa mita 50, robo hekta kila mmoja, pembe zake zimewekwa alama ya rangi kwenye magome ya miti. Mraba mmoja unakatwa, jirani zake wanaachwa wamesimama, mithili ya bao la drafti. Uliokatwa mwaka huu haurudiwi mpaka miaka 24 ipite. Mpango mzima umejengwa juu ya hesabu hiyo: mti wa miombo unahitaji muda gani kurudi kwenye unene wa kufaa mkaa, na kwa hiyo kijiji kinaweza kukata miraba mingapi kwa mwaka bila kula mtaji.

Tulipita kwanza mraba uliokatwa hivi karibuni. Si mahali pazuri pa kutazama. Visiki, matawi yaliyotupwa, duara jeusi la tanuri lililokwisha kufukuliwa. Nikajisikia kama wale wanaosema kila gunia ni jangwa. Babu hakusema kitu, akatuongoza hadi mraba mwingine, wa miaka ya mwanzo ya mpango. Pale hatukuweza kupita bila kusukuma matawi. Kila kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi, mengine yakiwa yamenipita urefu, vijiti vinne vitano kutoka shina moja, na Babu alionyesha palipopunguzwa ili vilivyobaki vinenepe.

“Mti ukiukata vizuri haujui kufa,” alisema. “Kisiki ukikiacha chini, kimekatwa mshazari maji yasituame, mizizi ina kila kitu. Unaoua mti ni moto na jembe.”

Hapo ndipo penye kiini cha mambo yote, na ningependa kila anayepanga sera ya nishati apelekwe mahali kama pale asimame mbele ya kisiki. Mizizi ya miombo ina akiba ya miaka mingi. Mchomaji anachukua kilicho juu ya ardhi. Mkulima anayefungua shamba jipya anang'oa visiki, anachoma moto mwaka baada ya mwaka, analima, na ile akiba inakwisha. Mahali palipochomwa mkaa na kuachwa panarudi kuwa msitu. Mahali palipolimwa ufuta haparudi katika umri wa aliyepalima. Nchi inapoteza karibu hekta 470,000 za misitu kwa mwaka, na watafiti waliofuatilia maeneo hayo yamegeuka kuwa nini wamekuta zaidi ya kitu kingine chochote mashamba. Mkaa mara nyingi ni mazao ya kwanza ya shamba hilo: miti inakatwa kwa ajili ya kulima, na kwa kuwa imekwisha kukatwa, inachomwa. Tukiona gunia barabarani tunalaumu gunia.

Tulimkuta dada mmoja akijenga tanuri. Alikuwa amekata magogo wiki kadhaa kabla na kuyaacha yakauke, na sasa alikuwa akiyapanga, manene katikati, membamba yakiziba nafasi, kwa uangalifu wa mtu anayepanga matofali. Juu yake majani mabichi, juu ya majani udongo. Upande mmoja mahali pa kuwashia, upande wa pili bomba la moshi. Alinieleza bila kuacha kazi. Moshi mweupe mzito ni maji yanatoka. Ukigeuka kuwa wa bluu mwembamba, mkaa unaiva. Ukikosa kuonekana, funga kila tundu haraka, la sivyo utakuja kufukua majivu. Usiku analala palepale, kwa sababu tanuri likipasuka udongo saa nane za usiku na hewa ikaingia, kazi ya mwezi mzima inateketea. Katika tanuri la kawaida la haraka, magogo mabichi yakirundikwa ovyo, kilo 100 za kuni hazifikishi hata kilo 20 za mkaa, na mara nyingi ni chini sana ya hapo. Kukausha na kupanga vizuri peke yake kunaongeza magunia kutoka miti ileile. Utaalamu huu ni kilimo bora kwa maana yoyote ya neno, na ndiyo sababu nauma kidole nikikumbuka kwamba haufundishwi na mtu yeyote wa ugani.

Nilimuuliza kuhusu afya. Alikohoa kwanza, kisha akacheka kwa kuona nimemsikia. Macho yanawasha, kifua kinabana wakati wa kufukua, na mguu wake mmoja una kovu la moto kutoka kifundo hadi goti. Sitaki msomaji adhani kazi hii ni nyepesi au kwamba napenda aifanye maisha yake yote. Lakini ada ya mtoto wake wa kidato cha tatu imetoka hapa, na mabati ya nyumba yake yametoka hapa, na kabla ya mpango alikuwa akifanya kazi hiyohiyo usiku, kwa kujificha, akimuuzia mfanyabiashara aliyempangia bei kwa kuwa anajua hana pa kulalamikia.

Sasa mfanyabiashara anaanzia ofisi ya kijiji. Analipa ushuru wa kijiji kwa kila gunia, analipa wa halmashauri, anapewa stakabadhi na hati ya kusafirishia, ndipo anapakia. Fedha za kijiji zinasomwa kwenye mkutano mkuu. Mama Katibu alinionyesha nyumba ya mganga iliyomalizika na kisima kilichochimbwa, na akanionyesha pia sehemu ambayo haijamalizika, kuta za darasa lisilo na paa. Akasema darasa lile limesimama tangu kanuni zilipobadilika.

Kanuni anazozungumzia ni za mwaka 2019, Tangazo la Serikali namba 417. Ziliongeza ngazi za idhini juu ya kijiji, na uvunaji ambao mkutano mkuu ulikuwa umekwisha kuupitisha ukalazimika kusubiri kikao cha kamati ya wilaya. Nia yake ilikuwa kudhibiti uvunaji holela, na uvunaji holela upo, hakuna anayekataa. Lakini mvunaji holela hasubiri kikao. Anayesubiri kikao ni kijiji chenye ramani, miraba na daftari la mapato. Kila mwezi wa kusubiri, mkaa usio na karatasi ulitoka misitu jirani ukaenda mjini kama kawaida, na kamati ya kijiji ikakosa hata fedha za mafuta ya pikipiki ya doria. Tulishaonyeshwa mapema kwamba amri peke yake haizimi tanuri: mwanzoni mwa 2006 serikali ilipiga marufuku uchomaji na usafirishaji wa mkaa, bei zikapanda, na katazo likaondolewa baada ya muda mfupi, kwa sababu mji hauwezi kulala njaa.

Jioni tulikaa kwa mwenyekiti, tukala ugali na mboga ya mlenda, na vijana wawili wakaja kunisalimia. Walitaka kuzungumza juu ya ufuta. Ufuta unapenda ardhi mpya, ambayo bado haina magugu mengi. Hauhitaji mbolea mwaka wa kwanza. Unauzwa kwa fedha taslimu na wanunuzi wanaufuata hadi shambani. Mmoja wao alikuwa na mke na mtoto mchanga na eneo dogo alilogawiwa na baba yake, udongo uliochoka kwa mahindi.

“Mnatuambia tulinde msitu,” alisema. “Sawa, kaka mkubwa. Lakini sera inaniambia nizalishe zaidi. Nizalishe wapi?”

Ni kweli anavyosema. Kilimo Kwanza ya mwaka 2009, na mipango iliyofuata, imempima mkulima kwa tani, na njia rahisi kuliko zote ya kupata tani ni kusogeza mpaka wa shamba. Mbolea ni ghali na ruzuku yake haimfikii kila mtu kwa wakati. Msitu ni bure, kama hauna bei. Nilimwambia ninachoamini: kwamba eneo lake dogo linaweza kuzaa zaidi likipata samadi na mbegu bora, na kwamba mraba wa mkaa utampa fedha kila baada ya muda bila kumwondolea msitu mtoto wake. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza mraba wake atapewa lini, kwa kuwa orodha ni ndefu na kibali cha mwaka hakijaja, na kwa hilo sikuwa na jibu la kumpa.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye gesi, umeme na nishati nyingine safi ifikapo mwaka 2034. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa. Ninauunga mkono kwa moyo wote. Nimekulia kwenye jiko la moshi, namfahamu bibi ambaye macho yake yaliishia humo. Ninachoomba ni kwamba mkakati huo usomwe pia kutoka upande wa pili wa gunia. Siku mji utakapoacha mkaa, msitu wa kijiji utapoteza soko lake, na msitu usio na soko Kilosa una jina moja tu, shamba la ufuta. Miaka iliyobaki hadi 2034 ingeweza kutumika kuvizoesha vijiji mbao zinazovunwa kwa mpango uleule wa miraba, asali, na mkaa bora wenye karatasi kwa wale watakaoendelea kuuhitaji, huku kijiji kikiachiwa idhini yake. Kwa sasa mkakati uko Wizara ya Nishati, misitu iko Maliasili, ufuta uko Kilimo, ardhi ya kijiji na halmashauri viko kwingine tena, na mtu pekee anayeviona vyote kwa pamoja ni Mama Katibu mwenye daftari lake.

Nilibaki hadi siku ya mkutano mkuu. Ulifanyika chini ya mwembe nyuma ya ofisi, wanawake wengi mbele, vijana wamesimama pembeni na pikipiki zao. Ajenda ya nne ilikuwa ombi la vijana la kupewa sehemu ya msitu wa hifadhi, ile iliyo karibu na barabara, wafungue mashamba. Yule kijana wa jana alisimama na kusema vizuri, bila jazba. Babu naye alisimama. Alisema sehemu ile ina miraba iliyokatwa miaka ya kwanza, kwamba machipukizi yake yamefika nusu ya njia, na kwamba atakayeng'oa visiki vile anang'oa mkaa wa mjukuu wake. Mwanamke mmoja aliuliza fedha za mkaa zimejenga nini tangu darasa lisimame, na swali hilo lilizua kelele kuliko yote.

Walibishana hadi jua likapita utosini. Mwishowe mwenyekiti aliwahesabisha kwa mikono. Ombi la kulima ndani ya hifadhi lilikataliwa, lakini mikono iliyolikubali ilikuwa mingi kuliko nilivyodhani. Likapitishwa azimio jingine badala yake: vijana wasio na shamba wawe wa kwanza kwenye orodha ya miraba mwaka huu, na kijiji kimwandikie barua mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa ofisi ya misitu ya wilaya, kuomba kibali cha uvunaji kitoke kabla ya mvua, maana masika yakianza tanuri halijengeki. Mama Katibu aliandika barua palepale, goti likiwa meza yake, akaisoma kwa sauti, akasahihisha tarehe, na yule kijana aliyeshindwa ombi lake ndiye aliyejitolea kuipeleka Kilosa mjini kwa pikipiki yake, akisema atakaa mlangoni mpaka igongwe muhuri wa kupokelewa.